Punguza Ulimi

Hapo zamani, kabla msumari haujaijua njia ya kufika Kwemvumo, nyumba zilishikana kwa ulimi. Usicheke, sikiliza. Gogo moja huchongwa ncha mwishoni, na ncha hiyo ndiyo ulimi. Gogo la pili hutobolewa, na hilo ndilo tundu. Ulimi ukiingia tunduni hupigiliwa kigingi ubavuni, na magogo mawili yameoana, talaka hakuna. Ndoa zenu za siku hizi zingechongwa hivyo, tusingekuwa na kelele tunazozisikia.

Basi Kwemvumo paliishi mwanamke, jina lake Siwatu. Mume alikwishakufa. Watoto alizaa, tena wengi, lakini walikuja, wakatazama, wakarudi walikotoka. Kila aliyezaliwa, kitovu chake kilizikwa chini ya mvule uliosimama nyuma ya nyumba. Na kila aliyekufa, mama alibakiwa na kitovu tu chini ya mvule. Mmoja peke yake ndiye aliyekaa akaota meno, akaota na ndevu. Huyo aliitwa Mhina.

Siwatu hakuwa mtu wa machozi. Alipomzika wa mwisho katika wale waliokufa, wanawake walimuuliza, "Mbona hulii, mwenzetu?" Akajibu, "Niliwalilia kaka zake. Wagawane." Wanawake wakasema huyu ana moyo wa jiwe. Wajinga hao. Jiwe ukiliweka motoni halilii. Linakaa, linakaa, kisha siku moja linapasuka.

Nyumba yake ilikuwa ya fito na udongo, na mchwa wakaila. Akajenga nyingine, wakaila. Asubuhi moja akaufungua mlango atoke nje, mlango ukambakia mkononi na fremu yake. Akausimamisha chini, akautazama, akasema, "Basi. Nimechoka kuwapikia mchwa."

Na tena Mhina alikuwa amepata mchumba, msichana wa ng'ambo ya mto aitwaye Sikujua. Aliitwa hivyo kwa sababu mama yake hakujua kama ana mimba mpaka uchungu ulipomkuta shambani, jembe mkononi. Msichana wa vicheko huyo, mdomo wake haukujua mlango. Siwatu alimpenda, ila hakumwambia. Alisema tu, "Mke wa mwanangu simleti kwenye kinyesi cha mchwa. Nitajenga nyumba ya mvule."

Mvule mchwa hawaugusi. Lakini mvule Kwemvumo ulikuwa mmoja, nao ni ule wenye vitovu. Watu wakasema, "Mama Mhina, mti ule una wenyewe." Siwatu akasema, "Wenyewe nimewazaa mimi." Akachukua unga na maji, akaenda peke yake chini ya mvule, akanyunyiza, akasema, "Wanangu, sogeeni kidogo. Ndugu yenu anataka nyumba."

Kisha akamwita Sechambo.

Sechambo alikuwa fundi, rafiki wa marehemu mumewe. Kazi yake haikuwa na doa, lakini maneno alikuwa nayo bahili. Neno lake moja ulipaswa kulitafuna kutwa nzima kama muwa mkavu. Msaidizi wake alikuwa Kupaza, mwanamume mzima, asiye na mama wala baba, aliyeokotwa na kulelewa mlango kwa mlango. Waliompa jina la Kupaza hawakukosea, maana sauti aliipaza. Aliongea akichonga, aliongea akila, na wakisema watu kwamba aliongea hata usingizini, mimi siwakatalii. Wanakijiji walikuwa wakija kuomba moto kwa Sechambo huku moto wanao, ili wamsikie Kupaza.

Sechambo hakuanza kwa shoka. Alifagia kiwanja mpaka kikang'aa, akachukua kamba na majivu, akaichora nyumba chini kwa ukubwa wake hasa: hapa nguzo, hapa mlango, hapa chumba.

"Shemeji," akamwuliza Siwatu, "utalala wapi?"

Siwatu akaingia ndani ya mistari ya majivu, akajilaza chini chali, mikono kifuani. "Hapa."

"Jua la asubuhi likuguse wapi?"

"Miguuni. Usoni lisinifikie. Niliyoyaona yananitosha."

Sikujua akacheka. "Na sisi, Fundi, chumba chetu kisukume kule mbali. Mama anakoroma."

"Mimi nakoroma?" Siwatu akainuka na majivu mgongoni. "Wewe umenisikia lini, hata hujaolewa?"

"Ng'ambo ya mto tunasikia, Mama. Tunadhani kiboko."

Hata Sechambo alikaribia kucheka. Mhina alicheka mpaka akakaa chini. Ndiyo siku ya mwisho kukumbukwa hivyo, ya watu wanne na Kupaza wao, ndani ya nyumba ya majivu isiyo na ukuta.

Wakaukata mvule. Wakaupasua, wakauchonga kwa shoka, wakaulainisha kwa tezo, na miezi ikapita. Sechambo alikuwa na desturi yake: nyumba hulazwa kwanza, ndipo husimamishwa. Aliyalaza magogo yote juu ya mistari ya majivu, kila ulimi mbele ya tundu lake, na kila ulimi na tundu lake akavitia alama moja: huyu na huyu wayo wa kanga, huyu na huyu kitana, huyu na huyu mwezi mchanga. Kisha alipita kila ulimi na vidole vyake, anaupapasa kama mama anavyopapasa utosi wa mtoto. Ulimi usiopapaswa na Sechambo haukupanda juu.

Sasa kuna gogo moja linalopita juu, kutoka nguzo hadi nguzo, tunaliita mtambaapanya, kwa sababu nyumba ikikaliwa panya hulifanya barabara yao. Ulimi wa boriti ile alipewa Kupaza amalizie. Alikuwa amekalia boriti, patasi mkononi, anasimulia habari za beberu lililoingia kwenye tanga la msiba likala ubani. Upande wa pili Sechambo alikuwa amening'iniza timazi, uzi wenye jiwe, juu ya shimo la nguzo mama, anasubiri uzi utulie. Uzi haukutulia, maana watu walikuwa wanacheka, na wanaocheka hutikisa ardhi. Hasira zikampanda Sechambo.

Akapiga kelele, "Kupaza! Punguza ulimi!"

Haya, mmesikia. Alisema, punguza ulimi. Mtu mwingine angesema, "Kupaza, funga mdomo, unanisumbua." Lakini Sechambo alikuwa bahili. Na Kupaza alikuwa amekalia nini? Ulimi. Ameshika nini? Patasi. Akautazama ulimi wa boriti, akauona ni mnene, tena mrefu, akasema moyoni, Fundi ameona kitu. Akapunguza. Akapunguza urefu, akapunguza na unene, maganda yakaruka, na akaendelea na beberu lake.

Alipoujaribisha tunduni, ulimi ukacheza. Ukacheza kama jino la mtoto. Kupaza akashtuka. Akainua uso, akafungua kinywa amwite fundi.

Sechambo hakugeuka hata kugeuka. Macho kwenye uzi. "Kupaza! Ulimi, nimesema!"

Hapo ndipo Kupaza alipoelewa. Alielewa ya kwanza na ya pili kwa pamoja. Kumbe kilichotakiwa kupunguzwa kilikuwa kinywani mwake, naye amekipunguza cha mvule. Na mvule mwingine hapakuwa. Akamtazama Siwatu, aliyekuwa anapita na mtungi kichwani, anaitazama boriti jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyepona. Kupaza akayaokota maganda yaleyale, akayashindilia tunduni kuzunguka ulimi, ukakaza. Kigingi nacho kikaushika ukingoni, kama mtu anayemshika ng'ombe kwa ncha ya mkia. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Kupaza alinyamaza.

Sechambo alifurahia kile kimya. Hakukiuliza kimetoka wapi. Alipita akipapasa ndimi zote, na alipofika kwenye ulimi wa Kupaza akaupita, kwa sababu bado alikuwa na hasira na mwenyewe.

Ikaja siku ya kusimamisha. Kijiji kizima kilikuja na kamba. Sechambo aliita, "Ulimi!" na watu wakaitikia, "Tunduni!" Ulimi! Tunduni! Nguzo zikainuka, boriti zikapanda, vigingi vikalia. Kabla jua halijafika utosini, nyumba ilikuwa imesimama uchi, mifupa mitupu, na ilipendeza kuliko nyingine zilizovaa.

Kwemvumo kulikuwa na mwiko. Chini ya nyumba ambayo haijalaliwa, neno baya halisemwi. Hasa lile la kwenda chini. Ukilisema, nyumba imekusikia. Na mlinzi mkali wa mwiko huo alikuwa Siwatu, maana mtu aliyezika sana huogopa maneno.

Sikujua akainua shingo, akatazama juu. "Mama, mbona ndefu hivi? Haitaang—"

Kofi la Siwatu likamfikia mdomoni kabla hajamaliza. "Wee! Unataka kunilogea nyumba? Tema mate! Ruka maji!"

Msichana akatema, akaruka maji yaliyomwagwa chini kuliondoa neno, macho yamejaa machozi. Watu wakaguna. Kumbuka kofi hilo.

Sasa desturi ilitaka mwana wa nyumba apande juu, apigilie kigingi cha mwisho, akae juu ya mtambaapanya, ale ugali hukohuko, kusudi nyumba ionje shibe kabla ya njaa. Mhina akapanda. Akapigilia. Akakaa. Vigelegele.

Sikujua alikuwa bado na kofi mdomoni. Alitaka kicheko chake kirudi, kama mtu anayetafuta kiatu chake baada ya ugomvi. Akaita kwa nguvu, "Hebu mwoneni, amekaa kama jogoo mgonjwa! Mwanamume gani anakaa? Cheza tuone! Usipocheza siolewi mimi, narudi kwa viboko wangu!"

Wanawake wakavunjika mbavu. Mhina naye alikuwa kijana, anapendwa, anatazamwa. Akasimama juu ya boriti. Akacheza.

Siwatu alikuwa chini ya nguzo mama, bakuli la ugali mikononi. Akaona kitu kidogo. Pale boriti inapokutana na nguzo, palikuwa pamefumba. Sasa pamefumbua, mwanya wa kupitisha ukucha. Na katika mwanya ule maganda meupe yalikuwa yanadondoka, yanaelea juani kama unga. Mhina akakanyaga. Mwanya ukapitisha kidole.

Neno likampanda Siwatu. Likapita moyoni, likapita kooni, likafika kwenye ulimi, likakaa hapo. Aseme? Kijiji kizima kinamtazama, kofi lake bado linalia masikioni mwa watu. Akilisema na boriti isiende kokote, atakuwa ameilaani nyumba ya mwanawe kwa kinywa chake. Na labda ni maganda tu. Na labda macho ya mtu mzima. Akalimeza. Akatafuta neno lingine, jema, akasema kwa upole, "Mhina, mwanangu, shuka ule."

"Nitakula hukuhuku, Mama! Nileteeni!"

"Shuka, baba. Ugali unapoa."

"Mama na ugali wake!" Mhina akacheka, na watu wote wakacheka, akapiga mguu.

Ulimi ukatoka tunduni.

Boriti haikuvunjika. Mvule hauvunjiki. Ilishuka nzima, na Mhina chini yake. Alilala palepale mama yake alipojilaza siku ya majivu, na jua, ambalo asubuhi lingemgusa mtu miguuni, lilikuwa limesimama utosini, likamfikia usoni.

Siwatu hakupiga yowe. Aliliweka bakuli chini taratibu. Akaichukua kanga ya begani, akamfunika mwanawe uso. Akasema, "Ugali huo mwageni."

Wakamzika Mhina. Siku ya kuondoa tanga, Jumbe Nyange aliyekitawala kijiji akawakusanya watu mbele ya ile mifupa ya nyumba. Mila ya Kwemvumo ilikuwa hivi: aliyetoa mtu, aingie mtu. Mwenye kosa la mauti huchukua kigoda cha marehemu. Hukikalia, hula chungu kile, hukata kuni zile, humwita mama wa marehemu mama. Na siku mama akifa, yeye ndiye hupiga jembe la kwanza la kaburi. Asiye na mtoto wa kumpigia jembe la kwanza hazikwi kijijini. Hubebwa na wapita njia akaachwa kichakani, na jina lake halitajwi tena. Kwa hiyo msidhani ni mchezo. Siwatu hakubakiwa na mtoto. Leo angepewa wa kumzika, au angebaki wa kutupwa.

Jumbe akakiweka kigoda cha Mhina katikati. "Siulizi nani mbaya," akasema. "Nauliza nani akae."

Sechambo akasimama. Maneno yalimtoka kwa shida, kama maji ya kisima cha kiangazi.

"Nilipoliinua gogo kumtoa kijana, niliupapasa ule ulimi. Ulikuwa mfupi. Nikalikumbuka neno langu. Nilisema mawili tu, punguza ulimi. Ningesema matano, Mhina angekuwa hai. Ubahili wa maneno niliudhani heshima. Tena ndimi zote nilizipapasa, huo nikaupita, kwa kuwa nilikuwa nimemnunia mtu. Fundi hanuniani na kazi. Ulimi ulikuwa wangu. Kigoda ni changu."

Kupaza akasimama. Sauti ile iliyopazwa ilikuwa haifiki hata kwa waliokaa mbele.

"Fundi alitoa neno kwa kutojua. Mimi nilijua. Kabla boriti haijapanda nilikwishajua. Niliziba kwa maganda, nikanyamaza. Maisha yangu yote nimesema yasiyotakiwa, na la kutakiwa lilipokuja nikaliweka mfukoni kwa aibu. Ulimi ulikuwa wangu. Kigoda ni changu."

"Nani alikufunga mdomo?" Sechambo akamgeukia. "Si mimi? Ulifungua kinywa, nikakufunga."

"Ulinifunga dakika ile, Fundi. Siku zilizofuata nilijifunga mwenyewe."

Nyuma mtu akanong'ona, "Huyu hana mama, anataka cha kuokota." Mwenzake akasema, "Na shamba je, huoni shamba la Siwatu?" Ndiyo watu hao. Hata msibani hupima viwanja kwa macho.

Sikujua akasimama. Hakuwa na kicheko.

"Nyie mnagombania boriti. Boriti ilikuwa imesimama. Ilimbeba akipanda, ikambeba akipigilia, ikambeba akikaa. Angekaa tu, angekula, angeshuka, na kesho Fundi angeona mwanya akautengeneza. Ni mimi niliyesema cheza. Nilisema kwa kuwa nilipigwa kofi nikaona haya, nikataka kuchekwa vizuri. Nilimwambia asipocheza sitaolewa naye. Na kweli sikuolewa. Ulimi ulikuwa wangu. Kigoda ni changu."

Kisha mzee mmoja mwenye mzaha usiojua siku akasema, "Jumbe, kigoda kimoja, makalio matatu." Hakuna aliyecheka.

Jumbe Nyange akamgeukia Siwatu. "Mama Mhina, wewe ndiye mwenye kufiwa. Chagua. Utakayemnyooshea kidole, huyo ni mwanao tangu leo."

Siwatu akawatazama wote watatu. Hapa msikilize vizuri, maana hapa ndipo alipokuwa na kila kitu mkononi. Kidole kimoja tu, na ana mtoto. Kidole kimoja, na ana kaburi kijijini. Alikuwa na njaa ya neno "mama" kama mtu aliyefunga mwezi mzima. Na hakuna hata mmoja aliyemwona siku ile akiyaangalia maganda.

Akasema, "Mimi niliona."

Jumbe akasema, "Uliona nini?"

"Niliona mwanya. Niliona unga wa maganda unadondoka. Neno lilinijia mpaka hapa," akaligusa jino, "nikalimeza, kwa kuwa nilikuwa nimempiga mtoto wa watu kofi kwa neno hilohilo. Niliogopa kuonekana nimevunja mwiko wangu. Nikamwita mwanangu kwa ugali. Nani aliwahi kuokolewa kwa ugali? Ningepiga ukelele mmoja, angeruka. Ulimi ulikuwa wangu. Kigoda sikitaki, ninacho cha kwangu."

Jumbe akasema, "Mama, ukijitia kosani, mila haina la kukupa. Anayelipwa na anayelipa hawezi kuwa mmoja."

"Sikuomba kulipwa. Nimekataa kuokota mtoto kwa uongo."

Akainuka, akakichukua kigoda cha Mhina, akakiweka ndani ya mifupa ya nyumba, pale kwenye mistari ya chumba cha kulala. Kikakaa wazi. Baraza likavunjika bila hukumu.

Nyumba ile haikuvishwa paa. Siwatu alijikalia kwenye kibanda cha makuti kando yake, na mchwa wakaja, akawaacha wale. Lakini kila asubuhi Sechambo alipita akakata kuni, akaziweka mlangoni, akaondoka bila neno. Kila asubuhi Sikujua alivuka mto na mtungi wa maji. Wachumba walikuja kwao, akawarudisha. Kila jioni Kupaza alikuja akakaa kizingitini, na kwa kuwa Siwatu hakumwuliza kitu, polepole ulimi ukamrudi, akaanza kumsimulia habari za mbuzi na watu. Siwatu hakumshukuru yeyote. Hakumwita yeyote mwanangu. Alisema, "Kuni mbichi hizi." Alisema, "Maji umeyachota wapi, kwenye bwawa la ng'ombe?" Alisema, "Hiyo ulishanisimulia, na mara ya kwanza ilikuwa fupi."

Masika yakaja. Siwatu akaugua, na watu wa namna yake hawaugui mara mbili. Siku ya mwisho, mchana kweupe, mvua inanyesha, wote watatu walikuwa ndani ya kibanda kile kidogo. Mgonjwa amefumba macho, anatetemeka. Akanyoosha mkono mmoja hewani, akasema, "Mwanangu, nifunike."

Mikono mitatu ikalishika blanketi. Ikalivuta pamoja. Lilipofika kidevuni, alikuwa amekwenda.

Mvua ilipokatika, Sechambo alilichukua gogo lile la mtambaapanya, lililokuwa majanini tangu siku ile, akachonga machela ya kumbebea. Ndimi zake aliziacha ndefu, na akazipapasa zote. Wakambeba mpaka makaburini. Pamechaguliwa pa kuchimba, pembeni mwa Mhina, jembe limewekwa chini, na watu wamesimama nyuma wanangoja, maana hakuna anayeruhusiwa kugusa udongo kabla ya jembe la kwanza.

Sechambo akasema, "Neno langu ndilo lililoanza. Alimwita mtu mwanangu. Ni mimi nitakayejibu."

Kupaza akasema, "Kimya changu ndicho kilichomaliza. Nami sina mama mwingine niliyemfunika."

Sikujua akasema, "Ninyi mnataka kuwa watoto wake kwa sababu boriti ilikwenda chini. Mimi ningekuwa mtoto wake hata isingekwenda."

Bibi mmoja, aliyekuwa anasikia vibaya lakini anaelewa vizuri, akasema kutoka nyuma, "Hakuwaita nyinyi. Alimwita Mhina. Na mkosaji wake alikwishamtaja baraza zima likisikia. Ajichimbie."

Jumbe Nyange akatazama magharibi. Mawingu yanarudi, jua linateremka, na kichaka hakiko mbali. Akasema, "Jembe la kwanza lipigwe na mtu mmoja, au nimpeleke huko."

Haya nyie. Mihogo yangu mmekula, moto wangu mmeota. Maiti iko juu ya machela, jembe liko chini, na mvua haingoji mtu. Je, nani alistahili kuliokota? Na msiniambie wote watatu. Mpini ni mmoja.

Semeni. Hapa hakuna wa kuwaambia mpunguze ulimi.